Antena ya Baba Inaangalia Wapi

Ihanja, 8 Juni 2014

Mwanangu Felista,

Nakusalimu wewe, mumeo Simoni, na wote mnaovumilia baridi ya Arusha. Sisi tupo. Alizeti mwaka huu ni fupi lakini imejaa, mbuzi mweusi amezaa mapacha, na goti langu la kushoto bado halijakubali kwamba nimestaafu. Mama yako hajambo. Ametoka kidogo.

Nakuandikia kuhusu ile kompyuta uliyoniletea Krismasi, yenye hiyo Linux yako. Inafanya kazi vizuri na naandikia kumbukumbu za jumuiya. Sasa, tangu walipozima mitambo ya zamani, televisheni yetu yenye chogo imebaki kuwa meza ya kuwekea taa. Nimesoma gazetini kwamba kuna kidude kinachomekwa kwenye kompyuta, nayo ikaonyesha televisheni ya dijitali. Kinaitwa tyuna. Nataka unieleze ninunue ipi.

Usiniambie ninunue king'amuzi. King'amuzi anacho jirani yetu Leonidas. Kaletewa na mwanawe, kakiweka sebuleni juu ya kitambaa alichofuma marehemu mkewe, na sauti anafungulia mpaka huku kwangu nasikia watu wanavyoachana na kurudiana bila kuona sura ya mtu hata mmoja. Mimi sinunui kitu kwa kumwigiza Leonidas.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu anakaa nayo mama yako, na akipokea anaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikia. Haya ni mambo ya kitaalamu. Nimempa barua hii kondakta wa gari la Singida, naye atamkabidhi mwenzake wa basi la Arusha. Ya kwako waiache hapa barabarani kwa Lazaro seremala.

Ni jambo la haraka kidogo.

Baba yako,
Mwl. Hosea


Arusha, 19 Juni 2014

Baba,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, usisahau. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Kazi hapa chuoni ni nyingi, wanafunzi wanaingiza virusi kila siku kwenye mashine za Windows na mimi ndiye nakesha kuzisafisha. Ile yako ya Linux hainaga shida hiyo. Simoni yuko.

Kuhusu tyuna, tulia, usikimbilie duka. Kwanza lazima iwe ya kizazi cha pili, kwenye boksi wanaandika T2. Za kizazi cha kwanza wanaziuza bei rahisi kwa sababu mawimbi mengi ya sasa hazishiki. Pili, Linux haitambui kila tyuna. Inategemea chipu iliyomo ndani, na chipu huijui kwa kuangalia picha ya boksi. Muuzaji akikuambia "Mzee, hii inakuja na CD yake", mshukuru uondoke. CD hizo ni za Windows tu. Niandikie kwanza namba ndogo iliyo nyuma ya kidude, niitafute, nikujibu. Au subiri nikutumie mwenyewe mwisho wa mwezi.

Jambo jingine. Barua yako kondakta aliiacha dukani kwa Simoni pale stendi. Zijazo waambie waziache chuoni, kwa mlinzi wa getini.

Halafu baba, mama ametoka kwenda wapi?

Mwanao,
Felista


Ihanja, 6 Julai 2014

Mwanangu Felista,

Salamu zako nimezipata na za mama yako nimezifikisha. Tumevuna. Jirani yetu bibi Jesca macho yamezidi kufifia, sasa anashikwa mkono hata kwenda chooni. Umeandika "hainaga". Sikusomesha miaka thelathini na sita ili mwanangu mwenyewe aandike "hainaga".

Nilikwenda Singida mjini nikanunua tyuna. Sikuona haja ya kusubiri mwisho wa mwezi. Muuzaji ni mtu mwenye tai na aliniita Mwalimu kabla sijajitambulisha. Boksi ni zuri, lina picha ya simba anatoka ndani ya kioo. Kizazi hawakuandika, wameandika tu T. Na ndiyo, ina CD. Niliiingiza, kompyuta ikaniuliza niifungue kwa programu gani, nikajaribu zote. Mpaka sasa hakuna simba.

Usinicheke.

Kwa nini barua ziende kwa mlinzi wa getini? Mkwe wangu ana ubaya gani na barua?

Mama yako hajambo. Ametoka kidogo. Hutoka saa kumi na moja na dakika arobaini, na tamthilia yenyewe huanza saa kumi na mbili kamili, na kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwa Leonidas ni hatua mia moja na kumi. Jumanne alivaa kanga ya Pasaka. Jumanne, Felista. Siku hizi anapaka mafuta ya nazi miguuni kabla ya kutoka. Nimeiwekea chupa alama ya kalamu ili nijue yanakwenda kwa kasi gani. Nasema hivyo kwa sababu mafuta nayo yanapanda bei.

Baba yako,
Mwl. Hosea


Arusha, 20 Julai 2014

Baba,

Shikamoo, na pole na simba. Sicheki. Nilicheka kidogo, nimeshaacha. Mimi mzima, baridi imekaza, nimenunua koti la mtumba linalonifika magotini.

Kwenye mzigo huu kuna kopo la majani ya chai. Chimba ndani ya majani, utakuta tyuna imefungwa kwenye nailoni. Ni T2, na chipu yake Linux inaijua, nimeijaribu hapa kwenye mashine kama yako. Ukiichomeka haitakuomba CD. Kwenye karatasi ya pili nimeandika maneno ya kuandika kwenye kile kidirisha cheusi, yaandike herufi kwa herufi, usiyasahihishe. Kompyuta itaanza kutafuta chaneli. Acha itafute mpaka imalize.

Kile kiantena kidogo kinachokuja nayo ni cha mtu aliye chini ya mnara, wewe uko mbali. Chukua antena ya zamani, ifunge kwenye mti mrefu, iinue juu ya paa. Kujua upande si kazi: angalia antena za majirani zinaelekea wapi, uelekeze huko huko.

Baba, ile alama kwenye chupa ya mafuta. Nilipoisoma nilicheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Ifute.

Mwanao,
Felista


Ihanja, 10 Agosti 2014

Mwanangu Felista,

Chai ni nzuri, ingawa ina harufu ya nailoni. Hukumtaja Simoni kwenye salamu. Nimeisoma barua yako mara mbili kutafuta jina lake.

Tyuna yako haifai. Nimeandika maneno yako herufi kwa herufi, kidirisha cheusi kimehangaika dakika ishirini, kisha kimeniletea jibu: sifuri. Nimerudia mara tisa. Sifuri. Antena nimeifunga vizuri kwenye mti wa mita saba ambao Lazaro alinichongea, na waya hauna kasoro. Leonidas alipita na ng'ombe wake, akasimama, akatazama juu, akasema, "Mwalimu, mbona hii imegeuka?" Nikamjibu kwamba mambo ya antena ni fizikia. Akasema haya, akaendelea na ng'ombe wake.

Jumapili baada ya misa tumesimama nje. Leonidas akaja, akanipita mimi kama nguzo, akamwambia mama yako, "Damari, hivi yule mwanamke alimkuta mumewe?" Mama yako akasema, "Alimkuta, lakini hakumwambia!" Wakacheka wote wawili mpaka mama yako akashika ubavu. Mimi niko katikati yao na sijui mwanamke yupi wala mume yupi. Halafu hakusema mama Felista. Alisema Damari. Katika Ihanja hii yote, watu wanaomwita mama yako Damari ni wawili, na mmoja ni mimi.

Nitumie tyuna nyingine. Hata leo.

Mama yako hajambo. Ametoka.

Baba yako,
Mwl. Hosea


Arusha, 22 Agosti 2014

Baba,

Shikamoo. Wote wazima. Sitatuma tyuna nyingine kwa sababu hiyo ni nzima. Nina swali moja tu, na unijibu kama ulivyotutaka sisi tukujibu darasani.

Antena inaangalia wapi?

Felista


Ihanja, 14 Septemba 2014

Mwanangu Felista,

Usishangae kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne.

Antena ilikuwa inaangalia Sepuka.

Najua Singida mjini, kwenye mnara, iko upande wa pili. Nimefundisha jiografia. Lakini antena ya Leonidas inaangalia Singida mjini, na nilipopanda juu ya paa nikaiona ile yake, mkono wangu ulikataa. Nikasema yangu haitasimama kama kivuli cha ya Leonidas. Juzi mama yako akiwa kisimani nilipanda tena nikaigeuza. Kompyuta ikaleta chaneli kumi na saba.

Picha ni safi, mwanangu. Unaona mpaka jasho la msomaji wa habari. Nikafunga jogoo mmoja achinjwe, nikaoga mapema, na saa kumi na moja na nusu nikamwita mama yako aje aone. Alikuja akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Akatazama kama dakika tano. Akasema, "Hongera, Mwalimu, umehangaika." Kisha akachukua kanga yake akaenda kwa Leonidas.

Jogoo nilimla peke yangu. Nilimla paja moja tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujawahi kulisikia na mama yako hajui kama bado nalikumbuka. Nilipopangiwa shule hii mwaka 1974, Damari alikuwa ameshaposwa. Leonidas alikuwa amepeleka kwa babu yako mitungi miwili ya asali, na ilipokelewa. Mimi sikuwa na ng'ombe wala asali. Nilikuwa na redio ya betri sita, ya pekee kuanzia mtoni mpaka barabarani. Jioni wasichana walikuja kusimama uani kwangu kusikiliza. Damari alikuja na dada zake wawili. Mwezi wa tatu dada zake wakaacha kuja, yeye akaendelea. Leonidas alikuwa akipita na ng'ombe, anamwona amekaa kwenye kizingiti changu, anaendelea na ng'ombe wake. Asali yake ilirudishwa mwezi wa saba.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ni tamthilia tu. Najua mwanamke anavyohamishwa na sanduku linaloongea, kwa sababu mimi ndiye niliyemhamisha. Leonidas kasubiri miaka arobaini, sasa na yeye ana sanduku.

Naona wivu, Felista. Nimeliandika na sitalifuta. Nina miaka sitini na minne, wanafunzi wangu wengine ni wakuu wa shule, na naona wivu kila nikisikia ule wimbo wao wa kuanzia.

Baba yako,
Hosea


Arusha, 27 Septemba 2014

Baba,

Shikamoo. Asante kwa kuniandikia ukweli. Sijui kama kuna binti mwingine aliyeandikiwa hivyo na baba yake.

Nami nakuuliza kwa ukweli: hiyo kompyuta iko chumba gani, na kuna viti vingapi? Usihangaike kujibu, niliifunga mwenyewe. Iko kwenye kile chumba chenye kibao OFISI mlangoni, kina kiti kimoja cha kuzunguka, na kiti hicho ni chako. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunabisha hodi kuingia. Mama alisimama mlangoni dakika tano kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, na wewe hukuona kwa kuwa wewe ulikuwa umekaa.

Uliniuliza kwa nini barua ziende getini. Simoni anafungua barua zangu. Alianza na simu: nani huyu, mbona amepiga mara mbili. Halafu akaanza kuandika nyuma ya kalenda saa ninayorudi kazini, siku hadi siku, kwa penseli. Kwake kila kitu kina sababu, kama mafuta yako yanavyopanda bei. Mwezi wa saba alinifungia nje kwa sababu ya dakika ishirini na tano. Tangu hapo nakaa kwa Radhia, mwenzangu wa kazini. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyemsifu mbele ya wazee kwamba ni kijana makini.

Baba, nilipofika kwenye ile chupa yenye alama ya kalamu niliogopa. Nilidhani nasoma mwandiko wa Simoni.

Sitaki kuogopa mwandiko wako. Acha kuhesabu hatua. Ni mia moja na kumi tu, zitembee. Nenda ukaone mama anafanya nini huko, ukiwa umeingia kwa mlango kama jirani yeyote.

Mwanao,
Felista


Ihanja, 2 Novemba 2014

Mwanangu Felista,

Nakusalimu, na msalimie sana huyo Radhia. Mwambie baba yako anashukuru, na kwenye mzigo huu kuna kuku wawili wa kwake, wamefungwa miguu kwa kitambaa wasiumie.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni siku tatu. Siku ya nne niliichukua ile chupa ya mafuta nikafuta alama kwa kitambaa chenye majivu. Haikutoka vizuri, wino ule ni wa kusahihishia mitihani. Nikayamimina mafuta yote kwenye chupa mpya. Halafu, saa kumi na mbili na robo, nikaenda.

Nilifika nikabisha hodi, hakuna aliyesikia. Ndani kulikuwa na wanawake saba kwenye mikeka, wanachambua mbegu za kupanda, kila mmoja na ungo wake. Leonidas yuko kwenye kochi pembeni, amelala, mdomo wazi, mkono umeshika rimoti. Nimeambiwa hulala hivyo kila siku kabla ya tangazo la kwanza, na wanamwamsha wakitaka kuondoka. Mwanamume niliyemwogopa tangu Juni alikuwa anakoroma.

Na mama yako! Mama yako alikuwa amekaa katikati, na bibi Jesca amemwegemea begani. Bibi Jesca haoni, kwa hiyo Damari ndiye anayemwonyesha. Anafanya sauti ya mume, sauti ya mke, sauti ya mama mkwe mwenye pumu. Askari akiingia, anakohoa kama askari. Wale wengine walikuwa hawatazami kioo, walikuwa wanamtazama yeye. Nilisimama kizingitini, sijui muda gani. Mwaka ule wa redio alikuwa akifanya hivyo: habari zikiisha anamwigiza msomaji mpaka naangua kicheko. Sijui alikoma lini. Nyumbani kwangu, miaka thelathini na tisa, anayeongea ni mimi, na anayesahihisha ni mimi.

Hakuwa anakwenda kutazama, Felista. Alikuwa anakwenda kuongea.

Usidhani wivu uliisha pale pale. Ulihama tu, ukatoka kwa Leonidas ukaenda kwa bibi Jesca, mwanamke wa miaka themanini na mbili asiyeona, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameegemea bega lile. Mpaka leo bado ninao kidogo.

Akaniona. Akasema, "Mwalimu, umekuja kunichukua?" Nikasema, "Nimekuja kutazama." Alinitazama muda mrefu, kama anasoma maandishi madogo. Kisha akasogea.

Nikakaa kwenye mkeka na hili goti. Baada ya muda yule askari akasema "nimekuonaga", nami nikasema kwa sauti kwamba hilo si neno. Mama yako akanipiga kibao pajani: "Nyamaza, Mwalimu, hapa naongea mimi." Nikanyamaza. Ilikuwa vigumu, lakini nilinyamaza mpaka mwisho.

Kibao cha OFISI nimekitoa. Kompyuta iko sebuleni, na Lazaro amechonga benchi refu lenye mgongo. Siku za kazi ni kwa Leonidas, Jumamosi ni kwetu. Jumamosi ya kwanza Leonidas alikuja na chupa ya asali. Alinipa mkononi, nami nikaipokea. Ni tamu kweli. Sasa naelewa babu yako kwa nini alichukua muda kuirudisha.

Kuhusu Simoni. Nilimsifu mbele ya wazee, na mbele ya wazee hao hao nitasema nilikosea. Nimeshawaita, ni Jumapili ijayo. Nilimwita makini kwa sababu alikuwa anaandika kila kitu, na mimi ndivyo nilivyokuwa nikipima watu. Wewe njoo nyumbani. Basi la Ijumaa likifika Singida nitakuwa stendi. Usiulize nitafika saa ngapi, nitakuwepo tu.

Benchi ni la watu wanne. Anayepanga nani akae wapi ni mama yako, na amesema upande wa ukutani hakai mtu mpaka uje. Juzi Leonidas alijisahau akakaa, akaondolewa.

Mama yako hajambo. Yupo hapa pembeni yangu, anasoma ninachoandika kwa sauti ya mwalimu mzee mwenye goti bovu, na anaipatia.

Baba yako,
Hosea